Maduka ya mitaani yasipoungana yatamezwa moja baada ya jingine

Kila supamaketi kubwa inapoanguka nchini Kenya, vilio husikika kutoka kila upande. Wafanyakazi hudai mishahara, wenye majumba hudai kodi, wasambazaji wa bidhaa hudai fedha zao, na magazeti hujaa picha za rafu tupu. Lakini duka dogo la mtaani linapofunga mlango kwa mara ya mwisho, hakuna anayeandika habari zake. Mwenyewe huuza rafu na mizani kwa bei ya kutupa, jina lake hupakwa rangi juu, na majirani huanza kununua sukari kwingine. Naamini kwamba msiba huu wa pili, usio na waombolezaji, ndio unaopaswa kutushughulisha zaidi, kwa sababu unatokana na udhaifu ambao dawa yake inajulikana.

Hebu tuanze na hayo makubwa, maadamu historia yake ingali mbichi. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya serikali, kwa nia ya kumfikishia mwananchi bidhaa muhimu na kuwapa watengenezaji wa humu nchini mahali pa kuuzia. Juni 2006 ilifunga milango, ikafunguliwa tena mwezi uliofuata kwa msaada wa serikali, na mwaka 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Haikupata kurudia hadhi yake ya zamani. Nakumatt, ambayo jina lake linatokana na duka la magodoro la Nakuru, ilifikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Tuskys, nayo yenye chimbuko lake Nakuru, ilianza kuporomoka mwaka huo huo, baada ya mizozo ya kifamilia iliyofika hadi mahakamani.

Wageni nao hawakusalimika. Choppies ya Botswana iliingia kwa kununua maduka ya Ukwala. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua duka lake la kwanza jijini Nairobi Desemba 2018. Zote mbili zilikuwa zimefunga virago kufikia mwanzoni mwa mwaka 2021. Waliostawi ni wachache, na nyuma yao kuna fedha nyingi za ng'ambo. Carrefour ililetwa Kenya mwaka 2016 na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Naivas, iliyoanza kama duka la kawaida huko Bonde la Ufa, iliuza asilimia 40 ya hisa zake mwaka 2022 kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na IBL ya Mauritius.

Wengi wamechukua funzo moja kutokana na kadhia hii, kwamba biashara ya supamaketi haiwezi ila mwenye mtaji mkubwa kutoka nje, na kwamba mwenye duka dogo hana budi kusubiri siku yake ya kumezwa. Mimi nashikilia kwamba funzo hilo ni la makosa. Waliolitoa wametazama ukubwa bila ya kuuliza ni ukubwa wa namna gani.

Tuangalie jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Supamaketi humuuzia mteja kwa fedha taslimu leo, lakini humlipa aliyeleta bidhaa baada ya siku 60, 90 au zaidi. Kwa hiyo kila siku mna fedha nyingi katika akaunti yake ambazo kwa hakika ni za watu wengine: za msagaji wa unga, za mfugaji wa kuku, za mama anayefunga njugu katika pakiti. Mfanyabiashara mwenye nidhamu huzitenga fedha hizo kwa ajili ya siku ya malipo. Asiye na nidhamu huziona kuwa mtaji, akafungua tawi jingine, na tawi hilo likahitaji bidhaa za mkopo mpya. Mauzo yakizidi kupanda, hesabu mbovu hujificha. Yakitetereka kidogo, wasambazaji huacha kuleta bidhaa, rafu hubaki tupu, wateja huhama, na jumba zima huporomoka kwa muda wa miezi. Nakumatt haikuanguka kwa kuwa Wakenya waliacha kula. Upanuzi wake uliegemea madeni, na matawi yote yalifungwa kwa kamba moja, hata lile lililokuwa likipata faida likazama pamoja na lile lililokuwa likila hasara.

Sasa tuligeukie duka la mtaani. Simaanishi kioski cha mbao tu, bali hasa zile supamaketi ndogo zenye rafu chache na vikapu mlangoni, ambazo zimetapakaa Kayole, Githurai, Likoni, Kondele na Langas. Mwenye duka la namna hii hufungua alfajiri kabla ya watoto kwenda shule na hufunga usiku baada ya matatu za mwisho kufika. Anawajua wateja wake kwa majina. Anajua ni nani anayeweza kukopeshwa pakiti ya unga hadi mwisho wa mwezi na ni nani asiyeweza. Hana meneja wa kumlaghai, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye meneja. Akila hasara anaijua jioni hiyo hiyo, hangojei ripoti ya wakaguzi. Hizi ni nguvu ambazo kampuni kubwa haiwezi kuzinunua.

Udhaifu wake ni mmoja, nao unatosha kumwangamiza. Hununua ghali. Unga unatoka kwa msagaji, unapita kwa msambazaji, unakwenda kwa muuzaji wa jumla, ndipo yeye anapoufuata kwa mkokoteni, bodaboda au gari la kukodi. Kila mmoja katika mlolongo huo ameongeza faida yake. Supamaketi kubwa hununua moja kwa moja kiwandani, hupewa punguzo kwa wingi wa mzigo, na juu ya hayo hupewa muda wa kulipa. Ndiyo maana hutokea, na msomaji anaweza kujionea mwenyewe, kwamba bei ya rejareja ya bidhaa fulani katika supamaketi kubwa inakuwa chini ya bei ambayo mwenye duka la mtaani ameinunulia kwa jumla. Katika hali hiyo bidii haimsaidii kitu. Hata akiamka usiku wa manane, ameshashindwa kabla ya kufungua duka.

Tatizo hili halikuzaliwa Kenya, wala si la zama zetu. Wenye maduka wa nchi nyingine walikumbana nalo zaidi ya karne moja iliyopita, na baadhi yao wakalipatia tiba. Mwaka 1898 wauza maduka 21 wa eneo moja la mji wa Berlin waliunda chama cha ushirika cha kununua bidhaa kwa pamoja. Walikuwa wakiuza kahawa, chai, sukari na viungo, vitu ambavyo Wajerumani wa siku hizo waliviita bidhaa za makoloni, katika miaka ile ile ambayo taifa lao lilikuwa likiitawala Tanganyika. Herufi za kwanza za jina refu la chama chao ndizo zilizozaa jina Edeka. Leo Edeka ni kundi kubwa kuliko yote katika biashara ya supamaketi Ujerumani, na maduka yake mengi yangali mali ya wafanyabiashara binafsi. Nchini Uholanzi, mwaka 1932, muuzaji wa jumla aliyeitwa Adriaan van Well aliwaunganisha wenye maduka chini ya jina ambalo leo tunalijua kama Spar. Jina lenyewe lilitokana na herufi za maneno ya Kiholanzi yenye maana kwamba wote hunufaika daima kwa kushirikiana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa New York, kwa sababu unaonyesha waziwazi aina mbili za ukubwa zikishindana katika mji mmoja. Kampuni ya A&P ilianzia huko mwaka 1859 kwa kuuza chai. Kufikia mwaka 1930 hivi ilikuwa na maduka zaidi ya 15,000 kote Marekani, na wenye maduka madogo waliiogopa kama wanyama wanavyomwogopa simba. Mwaka 1937, huko Brooklyn, baadhi ya hao wadogo walijiunga katika chama cha ushirika cha kununua kwa pamoja, wakakiita Key Food. Kila mmoja alibaki na duka lake. Kilichokuwa cha wote ni jina lililoandikwa juu ya mlango, matangazo ya bei za juma, na sauti moja ya kuzungumza na watengenezaji na wauzaji wa jumla.

Miaka ikapita. Desemba 2010 A&P iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ikajikokota, ikaanguka tena Julai 2015, na safari hiyo haikuinuka. Maduka yake yalipotiwa mnadani, miongoni mwa walionunua ni Key Food, yaani wajukuu wa wale wadogo waliokuwa wakiiogopa. Hata jina la SuperFresh, lililokuwa la A&P, liliishia mikononi mwao. Leo Key Food ina mamia ya maduka, na si ajabu kuwakuta katika supamaketi huru za New York wamiliki waliokuja Marekani kama wahamiaji, wengi wao kutoka Jamhuri ya Dominika, walioanza na duka moja la kona.

Nisije nikadhaniwa kwamba naisifu New York kupita kiasi. Bei za maduka hayo si za chini kila siku, kodi za majengo zinawalemea, na kwa kuwa kila duka lina mwenyewe, utalikuta moja ni safi na jirani yake ni la kutia kinyaa ilhali jina ni lile lile. Lakini jambo moja haliwezi kupingwa. Mwanachama mmoja wa ushirika akifilisika, mwanachama wa mtaa wa pili hufungua duka lake kesho yake asubuhi kama kawaida. Tawi la Nakumatt halikuwa na bahati hiyo.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Kuna ukubwa wa kununua na kuna ukubwa wa kumiliki. Ukubwa wa kununua ndio unaoshusha bei, na huo hauhitaji mmiliki mmoja. Ukubwa wa kumiliki ndio unaoeneza hatari, kwa sababu deni la mahali pamoja huwa deni la kila mahali. Kenya imekuwa ikiutafuta ukubwa wa kwanza kwa kupitia wa pili, na imelipa gharama yake mara tatu.

Atatokea wa kuniambia kwamba Mkenya hawezi kushirikiana na mshindani wake. Nami nitamwonyesha matatu. Zamani kila mwenye gari alikuwa mfalme wa gari lake. Kisha serikali ikaamuru wenye matatu wajiunge katika vyama au kampuni, na kanuni za mwaka 2014 za Mamlaka ya Usalama Barabarani zikaweka kiwango cha magari yasiyopungua 30 kwa kila kundi. Leo abiria hutazama rangi na jina la chama, wala haulizi gari ni la nani. Mwenye gari angali mwenye gari, na faida ni yake, lakini njia, kituo na utaratibu ni vya wote. Nakubali kwamba baadhi ya vyama hivyo ni vya karatasi tu. Hata hivyo, jambo lenyewe limekwisha kuthibitika kwamba Wakenya wanaoshindana barabara moja waweza kuwa chini ya jina moja.

Tuchukue basi mfano wa maduka 30 ya mtaa mmoja wa Nairobi, na tuseme kila duka linauza marobota 40 ya unga kwa juma, robota likiwa na pakiti 12 za kilo mbili. Kila mmoja peke yake ni mteja mdogo ambaye hata karani wa kiwanda hatainua simu kumsikiliza. Kwa pamoja ni marobota 1,200, yaani tani 28.8, mzigo wa kujaza trela kila juma. Mwenye kuagiza trela kila juma hupokewa na meneja wa mauzo mwenyewe. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na maziwa, nawe utaona kwamba nguvu inayotafutwa Mauritius na Dubai imelala hapa hapa mitaani, imegawanyika vipande thelathini.

Kuna pingamizi nzito kuliko hiyo, nayo ni ya uaminifu. Mapema mwaka 2025 Wakenya walielezwa matokeo ya ukaguzi wa hesabu za muungano wa vyama vya akiba na mikopo, KUSCCO, uliobaini upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3. Baada ya hapo, ni nani atakayemlaumu mwenye duka anayekataa kumkabidhi mtu mwingine fedha zake? Mimi simlaumu. Ila naomba atazame tofauti. Chama cha akiba hukusanya fedha na kuzihifadhi, na fedha zilizolala humvuta mwizi. Chama cha kununua bidhaa hakina haja ya kulaza fedha. Mwanachama hulipa Jumatatu, mzigo hufika Jumatano, na kila mtu huhesabu marobota yake kwa macho yake. Chama cha namna hiyo kikianza kudai akiba kubwa, kununua kiwanja, au kujenga jumba la makao makuu, wanachama wajue kwamba kimeacha kazi iliyokiunda.

Pingamizi ya tatu ni ya kisheria, na haifai kupuuzwa. Kununua kwa pamoja ni jambo moja. Kupatana bei ya kuuzia ni jambo jingine. Sheria ya ushindani inakataza washindani kupatana bei, na kwa haki, maana mapatano hayo humwumiza mnunuzi. Wenye maduka watakaoungana yafaa waende mapema kwa Mamlaka ya Ushindani, waeleze wanachokusudia, na waombe idhini pale inapohitajika, kabla ya kuitwa huko kwa mashtaka. Fauka ya hayo, wasije wao wenyewe wakageuka chui. Desemba 2023 mamlaka hiyo iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1, kufuatia malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali, kuhusu matumizi mabaya ya uwezo wa mnunuzi. Mnunuzi akishakuwa na nguvu hushawishika kumkamua anayemuuzia. Ushirika wa wadogo utakaomkamua mfugaji wa kuku utakuwa umebadilisha jina la mkandamizaji tu.

Je, lifanyike nini? Kwanza, wenye maduka wenyewe waanze na wachache wanaojuana na bidhaa chache zinazokwenda kwa kasi. Sheria yetu ya ushirika inahitaji watu kumi tu ili chama cha msingi kiandikishwe. Kumi waaminifu wanaonunua unga na sukari pamoja kwa mwaka mmoja ni bora kuliko mia tano waliokutana hotelini siku moja kuchagua mwenyekiti. Pili, kila mwanachama alipe mzigo wake kabla au wakati wa kuupokea, wala chama kisimdhamini mtu kwa mkopo. Siku wanachama watakapoanza kudhaminiana madeni, watakuwa wamejifunga ile kamba iliyoizamisha Nakumatt. Tatu, wenye viwanda watambue maslahi yao. Wasambazaji waliopoteza mabilioni kwa kumtegemea mnunuzi mmoja mkubwa wangekuwa salama zaidi wakiwauzia wanunuzi thelathini wanaolipa taslimu, hata kwa faida ndogo kidogo. Nne, serikali za kaunti zinazotoza kila duka leseni zijiulize zimewafanyia nini wanaozilipa. Ghala moja la kukodi kwa bei nafuu karibu na soko lingekuwa na manufaa kuliko hotuba kumi za kumwinua mfanyabiashara mdogo.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Naogopa kwamba methali hii tumeizoea mno hata haituumi tena. Supamaketi kubwa hazitangoji. Zimeacha kukaa katikati ya miji tu na sasa zinafuata barabara za mitaani, zikifungua matawi mlangoni mwa wale ninaowazungumzia. Kila tawi jipya linaleta ajira kadhaa na bei nafuu kwa muda, nami sipingi mnunuzi afurahie bei hiyo. Lakini duka la jirani likifa, faida iliyokuwa ikisomesha watoto mtaani Kayole huondoka mtaani, na mwenye duka aliyekuwa bwana wa biashara yake huenda kuomba kazi ya kupanga rafu. Akisha kuondoka hakuna atakayezuia bei isipande, na yule mama aliyekuwa akikopeshwa pakiti ya unga hadi mwisho wa mwezi hatamwona wa kumwomba.

Wauza maduka 21 wa Berlin hawakuwa na mtaji wa kigeni, wala serikali haikuwashika mkono. Walikuwa na hesabu sahihi ya walichokuwa wakipoteza kwa kununua kila mtu peke yake. Hesabu hiyo yeyote mwenye duka anaweza kuifanya leo usiku, akiwa na kalamu na risiti zake za juma.